Panki inaishia wapi na metali inaanzia wapi? Albamu tano zimenishinda kuzipanga

Msikilizaji wa Umoja (Nairobi) ameuliza:

Wanajukwaa, nawasalimu nyote. Mimi na wenzangu kumi na wawili tuna desturi ya kukutana Jumamosi jioni sebuleni kwetu hapa Umoja na kusikiliza albamu nzima, kuanzia wimbo wa kwanza hadi wa mwisho, bila mtu kuruka nyimbo wala kushika simu. Mwezi ujao zamu ya kuandaa ni yangu, nami nimeomba Jumamosi mbili mfululizo, ya kwanza iwe ya panki na ya pili iwe ya metali, yale matawi mawili ya roki yenye magitaa ya kelele. Nilidhani kazi hiyo ingenichukua nusu saa. Leo ni siku ya nne na bado karatasi yangu imejaa mistari iliyokatwa.

Albamu mbili zilijipanga zenyewe. Ile ya kwanza ya Ramones, ya mwaka 1976, ilikwenda upande wa panki, na ile ya kwanza ya Black Sabbath, ya mwaka 1970, ilikwenda upande wa metali, na sidhani kwamba kuna atakayenipinga hapo. Ramones wana nyimbo 14 ndani ya takriban dakika 29, na kila wimbo unaingia, unasema neno lake, unatoka. Black Sabbath wanaanza kwa mvua, radi na kengele inayolia kwa mbali, kisha gitaa linaingia na noti tatu tu, zinazoburutwa polepole hadi chumba chote kinakuwa kizito.

Tabu ilianza nilipofika kwenye hizi tano: *Overkill* ya Motörhead (1979), *Hear Nothing See Nothing Say Nothing* ya Discharge (1982), albamu ya kwanza ya Bad Brains (1982), *My War* ya Black Flag (1984) na *Reign in Blood* ya Slayer (1986). Kila moja nimeihamisha kutoka upande mmoja hadi mwingine zaidi ya mara mbili.

Mwenzangu mmoja alishauri nitumie kasi kuwa kipimo, yaani nyimbo fupi za mbio ziwe panki na nyimbo ndefu nzito ziwe metali. Nilimjibu kwamba *Reign in Blood* nayo ina takriban dakika 29, sawasawa na Ramones, na hata hivyo hakuna mtu mwenye masikio atakayeziweka albamu hizo mbili kwenye rafu moja. Mwingine alishauri mavazi na nywele. Nikamkumbusha kwamba Lemmy wa Motörhead alikuwa na nywele ndefu, mkanda wa risasi na koti la ngozi, lakini wapanki wa Uingereza walimpenda kama mtu wa kwao, na yeye mwenyewe, tangu alipoianzisha bendi mwaka 1975 hadi alipofariki Desemba 2015, alikuwa akiwaambia watu jukwaani kwamba wao wanapiga rokenroli, basi.

Kwa hiyo nawaomba mnisaidie. Ninyi mnatumia kipimo gani? Na katika hizo tano, ipi mnaipenda zaidi, na kwa nini? Sitaki kuwapa wenzangu mgawanyo ambao mimi mwenyewe siwezi kuutetea.

Fundi Dramu (Dar es Salaam) amejibu:

Ndugu Msikilizaji, riziki yangu ni kupiga dramu kwenye bendi ya hoteli, rumba na zilipendwa usiku kucha, lakini nikirudi nyumbani muziki ninaousikiliza ni huo unaouliza. Nitakujibu kwa mikono na miguu kwa sababu ndiko ninakouona mpaka.

Tuanze na mkono wa kulia wa mpiga gitaa. Johnny Ramone alikuwa akizipiga nyuzi kwa kuteremsha mkono tu, hakuwa akiupandisha na kuuteremsha kama wengi wafanyavyo, na nyuzi zenyewe aliziacha wazi zivume zote kwa pamoja. Matokeo yake ni sauti moja isiyokatika, kama mvua kubwa juu ya bati. Mpiga gitaa wa metali hufanya kinyume chake: hulaza ukingo wa kiganja juu ya nyuzi, karibu na zinapofungiwa, ili kila pigo lizimwe mara tu linapozaliwa. Sauti inatoka fupi na nene, kama mchi unaotua kinuni. Sikiliza Slayer kwa sekunde kumi tu utausikia huo mchi, na hapo hutahitaji kuuliza nyimbo zao ni fupi kiasi gani. Mbio walijifunza kwa bendi za hadikoo za Marekani, yaani panki ya kasi na ukali zaidi, hilo halina ubishi, lakini mkono ni wa metali.

Uzito huo nao una historia yake ya mwili. Tony Iommi wa Black Sabbath alikatwa ncha za vidole viwili na mashine ya kiwandani akiwa na umri wa miaka 17, na kwa kuwa hutumia mkono wa kushoto kupigia, vidole vilivyokatika ni vile vile vinavyokandamiza nyuzi. Alijitengenezea vifuniko kwa plastiki ya chupa aliyoiyeyusha, akatafuta nyuzi nyembamba zaidi, na ilipofika albamu ya tatu mwaka 1971 alikuwa amezilegeza nyuzi zake hadi sauti ya gitaa ikashuka chini kuliko kawaida ya wakati ule. Naamini sehemu kubwa ya kile tunachokiita metali imetoka katika vidole hivyo viwili.

Sasa miguu. Chukua kalamu mbili upige mezani mdundo wa Discharge: mguu unagonga, mkono unajibu, kisha mguu unagonga mara mbili kabla mkono haujajibu tena. Rudia hivyo bila kusita, kwa kasi ya mtu anayekimbia mteremko asiyeweza kujizuia. Hakuna madoido wala sehemu ya kupumua. Mdundo huo umekuwa maarufu kiasi kwamba duniani kote umepewa jina kwa herufi ya kwanza ya jina la bendi hiyo. Kwa kipimo changu Discharge ni panki, kwa kuwa dramu inabeba wimbo wote na maneno ni mistari michache inayorudiwa kama kilio cha mtu aliyeona bomu likianguka. Ila gitaa lao ni zito kuliko panki yoyote iliyowatangulia, ndiyo maana watu wa metali waliwapokea haraka. Metallica, bendi ya metali, walirekodi upya nyimbo mbili za Discharge kwenye mkusanyiko wa mwaka 1998.

Motörhead nitawapeleka metali, na ushahidi wangu ni wimbo wa kwanza wa *Overkill*. Phil Taylor anaufungua kwa dramu mbili kubwa, mguu wa kulia na wa kushoto zikipokezana bila mapumziko, na kila unapodhani wimbo umekwisha, miguu ile inaanza upya. Wimbo unasimama mara mbili na mara mbili unafufuka. Nilijaribu kuupiga nikiwa na miaka 25, paja likakaza kabla sijafika katikati. Besi ya Lemmy nayo haikai chini kama besi za wengine, maana alikuwa akigonga nyuzi kadhaa kwa pamoja na kuipitisha kwenye amplifaya zilizofunguliwa hadi zikakoroma, hata usijue besi inaishia wapi na gitaa linaanzia wapi. Hiyo ndiyo albamu ninayoipenda kuliko zote tano.

Mama Santuri (Birmingham) amejibu:

Wanangu, nimefurahi kuona mazungumzo haya yakiendeshwa kwa Kiswahili. Nilizaliwa Mombasa, nikaja Birmingham mwaka 1984 kusomea uuguzi, na sijatoka. Fundi ameeleza mambo ya mikono vizuri sana, nami sitamsahihisha. Ninachotaka kuongeza ni mahali, kwa sababu ninyi mnazungumza kama kwamba panki na metali zilitoka nchi mbili zenye forodha katikati.

Black Sabbath ni watu wa mji huu, na leo lipo benchi lenye sura zao juu ya daraja la mfereji katika barabara ya Broad Street, watu wanapanga foleni kupigwa picha. Discharge ni wa Stoke-on-Trent, mwendo wa chini ya kilomita 80 kwenda kaskazini. Bendi ya Napalm Death ilianzia Meriden, kijiji kilicho kati ya Birmingham na Coventry. Hawa wote ni watoto wa mikoa ya viwanda, na kelele za viwanda walizikuta kabla hawajashika ala.

Katikati ya miaka ya 1980 palikuwa na baa iitwayo Mermaid mtaa wa Sparkhill, na ghorofani kwake ndiko Napalm Death walikokuwa wakipiga mara kwa mara. Mimi nilikuwa napanga chumba si mbali na hapo na niliwaona vijana wakipita nikirudi kutoka zamu ya jioni. Nakumbuka kijana mmoja kwenye kituo cha basi, koti lake limeshonwa viraka kila mahali: mgongoni Discharge, kifuani Celtic Frost, bendi ya metali, na begani kiraka cha kupinga silaha za nyuklia kilichoshonwa kwa uzi mweupe, mishono mikubwa ya mtu asiyejua kushona. Nilimwuliza yeye ni wa upande gani. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa anapenda mkono wake upi.

Ndugu Msikilizaji, umeiacha albamu ambayo nadhani ingekufaa kuliko hizo tano, nayo ni *Scum* ya Napalm Death, ya mwaka 1987. Ina nyimbo 28 ndani ya takriban dakika 33. Upande wa kwanza wa santuri ulirekodiwa mwaka 1986, na upande wa pili mwaka 1987, na katikati ya vipindi hivyo bendi ilisambaratika na kuundwa upya hadi akabaki mpiga dramu peke yake, Mick Harris, anayesikika pande zote mbili. Upande wa kwanza una harufu ya panki ya kisiasa iliyowalea. Ukigeuza santuri, gitaa limekuwa zito zaidi, sauti ya mwimbaji imeshuka kooni, na unasikia kile ambacho baadaye kilifungua njia kubwa ya metali kali. Kwa hiyo mpaka mnaoutafuta upo, tena nimeushika mkononi: unapita katikati ya kipande kimoja cha plastiki.

Nimalizie kwa Bad Brains, maana naona mwenzangu Fundi amewapita kimya. Hawa walikuwa vijana weusi wa Washington ambao kwanza walipiga jazi ya kuchanganya na roki kwa jina la Mind Power, na ndiyo sababu unasikia vidole vilivyokomaa hata pale wanapokwenda kasi ya kutisha. Albamu yao ya kwanza ilitoka kwa kanda tu. Katikati ya nyimbo za mbio wanateremka kwenye rege ya taratibu ya kumsifu Jah, kisha wanarudi mbioni bila onyo. Nimeona watu wakibishana miaka mingi kama hiyo ni panki au metali, na mara chache nimemsikia mtu akiuliza kwa nini rege iliyo ndani yake haihesabiwi kabisa katika ubishi. Ndugu watatu wa Detroit, weusi pia, walirekodi nyimbo zao kwa jina la bendi la Death mwaka 1975, kabla albamu ya Ramones haijatoka. Wakubwa wa kampuni ya muziki waliwataka wabadili jina hilo, wakakataa, na kanda zao zikakaa hadi mwaka 2009 ndipo albamu ikatolewa. Anayechora mpaka huamua pia nani amehesabiwa ndani yake, na hilo linaniuma zaidi kuliko suala la rafu.

Albamu niipendayo ni hiyo ya Bad Brains, tangu nilipoisikia mara ya kwanza hadi leo nina wajukuu.

Upande wa Pili (Arusha) amejibu:

Shikamoo Mama Santuri, na salamu kwa wengine. Nimekusoma mara mbili na habari za ndugu wa Detroit zimenigusa. Hata hivyo naomba nikupinge kwa heshima, kwa sababu naona kwamba tukiufuta mpaka tutapoteza jambo ambalo watu walilifanyia kazi kwa jasho.

Kwangu mimi metali ni ufundi, kwa maana ile ile ya fundi seremala. Mtu huingia akiwa mwanagenzi, hukaa na gitaa miaka chumbani, na siku anapopanda jukwaani watazamaji wanamtazama kwa sababu anaweza kufanya wasichoweza. Panki ilianza kwa kuukataa mpangilio huo. Ilisema kwamba aliye chini ya jukwaa wiki hii anaweza kuwa juu yake wiki ijayo, na kwamba asisubiri kampuni yoyote imruhusu. Vijana wa Washington walianzisha lebo ya Dischord mwaka 1980 ili watoe santuri ya bendi yao wenyewe, na Greg Ginn wa Black Flag alikuwa na lebo yake ya SST kule California. Majalada ya santuri yalikunjwa na kubandikwa kwa mikono ya wapigaji. Huo ndio mpaka wangu, nao hausikiki kwenye mkono wala mguu peke yake.

Na ndiyo maana nataka kuitetea *My War*, ambayo kila mtu hapa ameikwepa. Kabla ya albamu hiyo Black Flag walikwama katika mgogoro wa kisheria na kampuni moja ya rekodi uliowazuia kutoa kitu kipya kwa jina lao. Walipofunguliwa, hawakuwa hata na mpiga besi, na Ginn akapiga gitaa na besi zote mbili, besi akiiandika kwa jina la kubuni. Upande wa kwanza ni panki ya hasira ambayo mashabiki waliitegemea. Upande wa pili una nyimbo tatu tu, kila moja zaidi ya dakika sita, polepole na nzito, Black Sabbath ikisikika wazi katika kila pigo. Mimi niliipata kwa kanda iliyonakiliwa, na wimbo wa kwanza wa upande ule ulipoanza nilifungua redio nikabadilisha betri, kwa kuwa niliamini zimekwisha na kanda inaburutwa. Betri zilikuwa nzima.

Mashabiki wengi wa panki waliuchukia upande huo, na waliona uchungu zaidi bendi ilipofuga nywele. Kwa kipimo cha Fundi, upande wa pili wa *My War* ni metali, hakuna njia nyingine. Lakini bendi ya metali isingepata hasara yoyote kwa kupiga hivyo. Black Flag walikuwa wakijua fika kwamba wanawaudhi watu walewale waliowalisha, na wakaendelea kwa sababu waliona kanuni ya mbio imekuwa sare kama sare ya shule. Kukataa sare, hata iliyoshonwa na wenzako, ndiyo panki yenyewe. Nawasihi msiihamishe.

Kuhusu *Reign in Blood*, ni metali, na sioni haja ya kuendelea nayo, ila nitaje jambo moja. Mtayarishaji wake, Rick Rubin, alitoka kwenye hip hop na alikuwa mwanzilishi mwenza wa lebo ya Def Jam. Albamu nyingi za metali za wakati ule zilimwagiwa mwangwi hadi dramu zikasikika kama zinapigwa pangoni. Yeye aliuondoa, kila pigo la Dave Lombardo likabaki kavu na karibu na sikio. Albamu ilikuwa fupi kiasi kwamba kwenye kanda iliingia yote upande mmoja, na upande wa pili ikarudiwa tena nzima.

Nyundo (Kampala) amejibu:

Nimefuatilia kwa makini, na nina swali kwa Fundi Dramu na Upande wa Pili kwa pamoja. Mwaka 2020 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya hapa Kampala ilitoa albamu ya Duma, wawili kutoka Nairobi, Martin Khanja na Sam Karugu. Msomaji wa Kiswahili akiliona jina hilo atamfikiria mnyama mwenye madoa anayeshinda wote kwa mbio, na kwa kweli jina hilo lingewafaa kwa maana hiyo. Wao wenyewe hulieleza kwa Kikuyu, kwamba ni giza.

Ninyi mmeweka mpaka kwenye mwili: kiganja juu ya nyuzi, mguu kwenye dramu, au mtu wa kawaida anayejipandisha jukwaani. Katika Duma dramu zimepangwa kwa kompyuta, na zinakwenda kasi ambayo hakuna mguu wa binadamu ungeifikia, mara zinajikunja na kuwa kama mdundo wa klabu, mara zinavunjika vipande. Gitaa limesagwa hadi hujui kama ni gitaa. Kilichobaki cha binadamu ni koo la Khanja, nalo linapaza sauti ya metali kali bila shaka yoyote. Je, kiganja kikiondoka na mguu ukiondoka, mpaka wenu unabaki wapi? Mimi hii ndiyo albamu ninayoipenda kuliko zote zilizotajwa, na bado sijui niiweke wapi.

Fundi Dramu amejibu tena:

Nyundo, umenibana mahali penyewe. Nimeisikiliza tena usiku huu baada ya kazi, na nakubali kwamba kipimo cha mguu hakifiki huko. Nitasema hivi tu: mashine ile imefundishwa na miguu. Mapigo yale ya mfululizo yasiyo na pumzi ni lugha ya Mick Harris na wenzake, na aliyeyapanga kwenye kompyuta alikuwa ameyasikia kwanza kwa watu. Ningekuwa mimi ningeiweka metali, lakini sitagombana na atakayekataa. Kwa *My War* nimeshindwa na Upande wa Pili. Ibaki panki.

Mama Santuri, shikamoo. Ni kweli niliwapita Bad Brains, na sababu yake ni kwamba sikujua niseme nini. Nimeirudia pia. Yule mpiga dramu wao, Earl Hudson, anatoka mbio na kuingia kwenye rege bila kukaza bega. Nimepiga dramu miaka 19 na siwezi kufanya hivyo.

Upande wa Pili amejibu tena:

Nyundo, kwa upande wangu jibu ni jepesi kidogo. Vijana wawili, kompyuta, chumba cha kurekodia Kampala, na lebo ambayo haikusubiri kibali cha London wala New York. Hiyo ni panki. Kwamba koo ni la metali hakubadilishi jinsi kazi ilivyofanyika.

Msikilizaji wa Umoja amejibu:

Nawashukuru sana, na Mama Santuri, shikamoo. Nimekaa na karatasi mpya na safari hii haina mistari iliyokatwa.

Jumamosi ya kwanza itaanza na Ramones, ifuatiwe na Bad Brains, na nitawaomba wenzangu wasiamke kwenda kuchota chai rege inapoingia, kwa kuwa nimetambua kwamba ndivyo tulivyokuwa tukifanya siku zote. Kisha Discharge, ambao sasa naweza kuwatetea kwa kalamu mbili na meza. *My War* itapigwa nzima baada ya hapo. Nimeshawishika na hoja ya sare, ingawa naomba Upande wa Pili aniruhusu nisiwaeleze chochote kabla, ili kila mmoja auone mwenyewe ule mlango unaofunguka wimbo wa kwanza wa upande wa pili unapoanza.

Jumamosi ya pili ni Black Sabbath, *Overkill* na *Reign in Blood*. Duma itafunga jioni hiyo, saa ambayo taa ya sebuleni huwa tumeshaizima. Sijaiweka hapo kwa kuwa Fundi ameshinda. Nimeiweka hapo kwa sababu wawili wale ni wa jiji letu, na nataka wenzangu waingie nayo kwenye matatu wakirudi makwao.

Imebaki *Scum*. Mimi sina santuri yake, nina nakala ya kidijitali isiyo na pande, kwa hiyo nimetafuta palipogeuzwa: upande wa kwanza una nyimbo 12 na wa pili nyimbo 16. Nimeikata hapo. Nyimbo zile 16 zitafungua Jumamosi ya metali, kabla hata ya Black Sabbath. Nyimbo zile 12 zitafunga Jumamosi ya panki, na ya mwisho kati yake, inayoitwa "You Suffer", ina sekunde moja na kidogo. Itapigwa mara moja tu, kisha nitazima spika, na tutakutana tena wiki inayofuata.